Gemu ya bure imekula hela yangu: jibu kwa mama wa kijana wa miaka 13

Swali lenyewe nalifupisha ili na wengine mfuate. Dada mmoja ameniandikia hivi: mwanae ana miaka 13, anacheza gemu kwenye simu, alimwambia mama ni ya bure na mama akaridhika. Juzi kuangalia kadi yake anakuta imekatwa mara 14 ndani ya mwezi, vihela vidogo vidogo, lakini kujumlisha akakaa chini. Simu kamnyang'anya, leo siku ya tatu mtoto hasemi naye. Anauliza, gemu ya bure inakataje hela? Mtoto ameshakuwa teja au? Na huyo mtoto anasema akikua anataka kutengeneza gemu, hiyo ni kazi kweli au anatafuta pa kujifichia?

Dada, pole. Hapo kwenye neno "bure" wameteleza wengi, na wengine ni watu wazima wanaojilipia wenyewe na bado mwezi ukiisha wanashangaa. Mi nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni ya gemu za simu, jina nabaki nalo, na kazi yangu haikuwa kuchora wala kuprogramu, nilikuwa nakaa kwenye namba, naangalia mchezaji anaachia wapi gemu, anarudi saa ngapi, anatoa hela akiwa amefika wapi. Kwa hiyo nakueleza kama mtu aliyekuwa jikoni, siyo aliyesikia harufu akiwa nje.

Nahisi uliposikia "gemu ya simu" ulimkumbuka yule nyoka wa Nokia, anakula vidoti anarefuka mpaka anajigonga mwenyewe. Yule nyoka alikuja na Nokia 6110 mwaka 1997, aliyemprogramu ni injinia wao mmoja anaitwa Taneli Armanto, na uzuri wa yule nyoka hakuwa na shida na wewe. Simu umeshanunua, Nokia wameshakula chao, ukicheza dakika 2 sawa, ukicheza masaa 3 sawa, usipocheza mwaka mzima hamna anayekutumia meseji kuuliza umepotelea wapi. Gemu ya mwanao ukiitazama juu juu ni ndugu yake nyoka, ipo kwenye simu, ina rangi rangi, inapiga kelele, lakini biashara yake ni nyingine kabisa. Wazazi wengi wananiuliza masaa, masaa mangapi ni sawa, mangapi yamezidi. Masaa tutafika. Swali la kwanza ni hiyo gemu inakula wapi.

Maana kila gemu ina mahali inakula, na pale inapokula ndo panaamua itengenezwe vipi. Chukua za mwanzo. Atari, kampuni ya gemu ya Marekani, walipotengeneza Pong (vibao viwili vinapigiana mpira kwenye skrini) mwaka 1972 waliiweka ile mashine ya kwanza kwenye baa moja huko Sunnyvale, California, haikuchukua muda wakaitwa mashine yenu imekufa, fundi Allan Alcorn kwenda kuifungua anakuta haina ugonjwa wowote, kikopo cha sarafu kimejaa mpaka zimeziba. Sasa mashine inayokula sarafu inataka nini? Inataka ushindwe haraka, lakini kwa karibu karibu, ili useme "ah, kidogo tu" na uingize nyingine. Ndo maana gemu za mashine zilikuwa ngumu vile. Ile Space Invaders ya mwaka 1978, wale wadudu kadri unavyowapunguza wanaobaki wanaongeza spidi, na hilo hata halikupangwa mwanzoni, chombo kilikuwa kinaelemewa kuchora wengi, wakipungua kinapata nafuu kinaenda mbio, Nishikado aliyeitengeneza akaona inanoga akaiacha hivo hivo (hii napenda sana kuisimulia, hitilafu iliyogeuka kuwa utamu).

Afu zikaja za kununua, unaenda dukani unalipa mara moja unachomeka nyumbani. Hapo mwenye gemu kashalipwa, hana sababu ya kukuua kila dakika, anachotaka ucheze ukamsifie kwa jirani naye akanunue. Siyo kwamba mtindo huo hauna wizi wake. Mwaka 1982 Atari walitoa gemu ya E.T. iliyotengenezwa kwa wiki kama 5 tu ili iwahi sikukuu, watu wakainunua kwa sababu ya ile filamu, kufika nyumbani haichezeki, mwaka uliofuata soko zima la Marekani likaporomoka na shehena za kanda zilizododa zikaenda kuzikwa jalalani Alamogordo, New Mexico. 2014 watu wakaenda na makatapila kuzifukua, zikakutwa kweli zipo. Ila angalau pale uliibiwa mara moja, na ulijua umetoa shilingi ngapi.

Ya mwanao ni mtindo wa tatu. Mwaka 2006 kampuni ya gemu ya Bethesda waliuza deraya ya farasi ndani ya gemu yao ya Oblivion kwa dola 2.50, watu wakawacheka kweli kweli, yaani unamnunulia nguo farasi ambaye hayupo? Leo hakuna anayecheka, wote tumenunua nguo za farasi. Apple walifungua duka lao la apu 2008, na mwezi wa 10 mwaka 2009 wakaruhusu apu ya bure iuze vitu kwa ndani, na mtu akiniuliza ni siku gani gemu zimebadilika namwambia ni hiyo, siyo siku ya konsoli yoyote (zile mashine za gemu za kuchomeka kwenye TV). Candy Crush Saga ikaja 2012, kuidaunlodi hulipi kitu, na kampuni yake inaitwa King ikaja kununuliwa na kampuni nyingine kubwa ya gemu, Activision Blizzard, kwa dola bilioni 5.9. Kampuni inayogawa gemu bure. Ujue basi kuna mahali inakula, na inashiba.

Inakula hivi. Wachezaji wengi hawalipi hata senti, na kampuni haiwalaumu, inawahitaji. Pale nilipokuwa ukichukua wachezaji 100, wale waliowahi kulipa chochote unawahesabu kwa vidole, na ndani ya hao kuna kakundi kadogo zaidi ndo kamebeba mishahara yetu wote. Wanaitwa nyangumi, neno limeletwa moja kwa moja kutoka kwenye makasino, wala hatukuona aibu kulitumia. Wale wasiolipa ndo umati, bila umati nyangumi hana wa kumringia. Kila mtoto anaingia kama umati na gemu inakaa inamsoma polepole, huyu ni wa aina gani.

Sasa we fanya hivi, chukua hiyo simu uliyoifungia kabatini, fungua hiyo gemu, ingia kwenye duka lake la ndani, ukae nalo dakika 10 bila kununua. Kwanza hutaiona hela. Utaona daimondi, au kristali, au koini, kila gemu na jina lake. Unabadilisha hela iwe daimondi, afu daimondi ndo inanunua kitu, na hiyo ngazi ya katikati imewekwa makusudi, maana mtu akitoa daimondi 300 hauumii moyo kama akitoa noti, hata we mwenyewe hapo nikikuuliza haraka haraka daimondi 300 ni hela ngapi huna jibu. Afu angalia vifurushi. Kitu anachokitaka kinauzwa daimondi 650. Vifurushi vipo vya 500 na vya 1,000, cha 650 hakipo na hakitakaa kiwepo. Ananunua 1,000, zinabaki 350, na kitu cha bei ya chini kuliko vyote dukani ni 400. Unaona? Zile 350 zinamkaa kama mfupa kooni, hazinunui kitu na kuzitupa roho inauma, kwa hiyo anaongeza kidogo. Nimekaa vikao watu wazima na vikombe vya kahawa tunabishana masaa mawili kibaki kiwe daimondi ngapi ili kiume vizuri.

Pembeni kuna saa inahesabu kurudi nyuma, ofa inaisha baada ya masaa 3 na dakika 12, haraka haraka. Ukirudi kesho unaikuta ofa ile ile imevalishwa jina jingine. Kwenye kona kuna kidoti chekundu kinachosema kuna kitu hujakifungua, na kidoti hicho hakiishi, ukikizima hapa kinawaka pale.

Halafu kuna maboksi. Hapa mi ndo sina huruma na wenzangu. Boksi unalilipia bila kujua ndani kuna nini, linatikisika, linatoa mwanga, vitu vinapita mbele ya macho vinazunguka, kile cha dhahabu kinapita taratiiibu, kinakaribia kusimama, kinapitiliza kwa nywele, unapata takataka. Matokeo yanakuwa yameshaamuliwa kabla hata boksi halijaanza kutikisika, ile mizunguko yote ni mapambo ya kukufanya uamini ulikaribia. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliligundua hili zamani kwa panya na njiwa, mnyama ukimpa chakula kila akibonyeza kitufe anabonyeza akishiba anaenda zake, lakini ukimpa mara moja moja bila mpangilio asijue ni lini, anabonyeza mpaka unamwonea huruma. Nchi kadhaa zimeshtuka. Japani mwaka 2012 walipiga stop ule mtindo wa kukusanya seti nzima kutoka kwenye droo za bahati ndo upate zawadi kubwa, China tangu 2017 wanalazimisha kampuni ziandike wazi uwezekano wa kupata kila kitu, Ubelgiji 2018 wakasema maboksi ya kulipia ni kamari, kwisha, na kampuni kadhaa zikayatoa kwenye gemu zao huko. Kwingi bado ni holela.

Sasa zile mara 14 kwenye kadi yako zimetokeaje na mtoto hakuiba paswedi. Nabahatisha lakini nina uzoefu: siku moja alikuja akakuomba umnunulie kitu kimoja cha bei ndogo, ukaweka kadi, ukaweka paswedi, ukarudi kwenye shughuli zako. Kadi ikabaki humo. Hii hadithi ni ya zamani, Tume ya Biashara ya Marekani iliwahi kuwabana Apple, 2014 wakakubali kurudishia wateja si chini ya dola milioni 32.5, kwa sababu mzazi akiweka paswedi mara moja mlango ulikuwa unabaki wazi dakika 15 na mtoto anaweza kununua bila kuulizwa tena, na mzazi hakuambiwa. Mwezi wa 12 mwaka 2022 tume hiyo hiyo ikawafikia Epic, wenye gemu ya Fortnite, dola milioni 520 jumla, 275 kwa mambo ya faragha za watoto na 245 za kurudishia watu, na kwenye hiyo 245 malalamiko yalikuwa haya haya ya kwako, vitufe vimepangwa mtu ananunua kwa kubonyeza bahati mbaya, watoto wananunua bila idhini ya mzazi, na mtu akienda kulalamika benki, akaunti yake ya gemu inafungwa na vyote alivyonunua humo ndani.

Hicho cha mwisho kishike vizuri. Usikimbilie benki kwanza. Anza na duka la apu lenyewe, Apple na Google wote wana sehemu ya kuomba kurudishiwa hela, andika kwamba ni mtoto wa miaka 13 na hukutoa idhini, orodhesha malipo yote 14 na tarehe zake, na ufanye leo leo maana kadri siku zinavyosogea ndo wanazidi kuwa wagumu. Wakikataa andikia kampuni ya gemu. Benki iwe ya mwisho. Na ukishamaliza hapo toa kadi kwenye hiyo simu, iondoke kabisa, afu kwenye setingi weka kila manunuzi yaombe paswedi, KILA manunuzi, kuna chaguo la hivo. Paswedi isiwe mwaka aliozaliwa, watoto wanaanza na hiyo.

Tuje kwa huyo kijana aliyekununia. We unaona kanunua picha. Kuna gemu, na Fortnite ni mojawapo, ambazo vinavyouzwa dukani ni mavazi tu, wanaita skini, haikuongezei nguvu, haikuongezei spidi, unabaki mbovu vile vile ila umependeza. Ukishangaa mtu analipiaje hilo, jua kwamba watoto wenyewe wana jina la kumwita mwenzao ambaye hana skini, wanamwita difolti, yaani yule aliyekuja na nguo alizopewa mlangoni, na ni tusi kabisa, mtoto anatafutwa kwenye mechi anachekwa. Kwa miaka 13 hilo si dogo. Sisi tulichekwa viatu. Kwa hiyo sitaki umwambie "umepoteza hela kwa ujinga", mwambie alichofanya kibaya ni kutumia kadi bila kuomba, hilo analijua na litamuingia, lile la ujinga litamfanya akuone huelewi chochote na kusema kweli hapo atakuwa na haki.

Na ile siku tatu za kununa, sehemu kubwa si gemu. Gemu ya namna hii ndo kijiwe chao, wanaongea na wenzake huko, wanataniana, wanapanga. Umechukua simu umemtoa kijiweni bila kuaga. Juu ya hapo gemu nyingi zina zawadi ya kuingia kila siku, siku ya 1 kitu kidogo, ya 7 kitu kikubwa, ukiruka siku moja unaanza upya, na kuna tiketi ya msimu, unalipia mwanzoni afu inabidi ucheze wiki kadhaa ili uvipate vile ulivyokwisha kulipia (soma hiyo sentensi tena, unalipa kisha unafanya kazi kupata ulicholipia, mi nilivyoielewa mara ya kwanza nilicheka). Kwa hiyo kichwani mwake kila siku inayopita kuna kitu kinaungua.

Je ni teja? Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa michezo hii kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ilipitishwa 2019 ikaanza kutumika 2022, lakini vigezo vyake si masaa. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imepita kila kitu kingine maishani mwake, na kama anaendelea hata baada ya mambo kuharibika, shule, usingizi, watu wake, na hiyo hali kwa kawaida iwe imedumu kama miezi 12. Mtoto aliyenuna siku 3 kwa kunyang'anywa simu hafiki hapo, huyo ni mtoto aliyenyang'anywa simu. Ukiona ameacha kula, ameacha mpira au chochote alichokuwa anakipenda, anaamka usiku wa manane kila siku kucheza, anadanganya mfululizo, hapo ndo utafute mtaalamu wa afya ya akili, mi si daktari.

Masaa sasa, nilisema tutafika. Serikali zimejaribu kuyapima kwa saa ya ukutani. Korea Kusini walikuwa na sheria tangu 2011, mtoto chini ya miaka 16 hachezi onlaini kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi, mwaka 2021 wakaamua kuifuta. Watoto walikuwa wanatumia vitambulisho vya wazazi, na sheria ilikuwa imewaza kompyuta wakati watoto wameshahamia kwenye simu. China ndo wamekaza kweli, tangu mwezi wa 9 mwaka 2021 mtoto chini ya miaka 18 ana saa moja tu, saa 2 mpaka saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mi siamini sana kwenye saa, naona inaichukulia gemu yote kama kitu kimoja. Mtoto aliyekaa masaa mawili kwenye Minecraft anajenga nyumba yenye ngazi na mifereji ya maji na mtoto aliyekaa dakika 20 anafungua maboksi, mi yule wa dakika 20 ndo ananitia wasiwasi. Minecraft inanunuliwa mara moja, ingawa nayo siku hizi imewekewa kaduka ndani, hakuna aliye malaika.

Kwa hiyo ukimrudishia simu, na umrudishie, kaa naye nusu saa acheze we unaangalia. Usiwe polisi, muulize maswali ya kijinga, huyu nani, kwanini umemkimbia, hicho kidoti cha nini. We huku unatazama kitu kimoja tu: gemu inamkatiza mara ngapi kumpeleka dukani. Kuna zile anacheza mechi nzima hakuna anayemgusa mpaka mwisho, na kuna zile kila baada ya dakika mbili kuna dirisha limeruka, tangazo, ofa, boksi, "nishati imeisha subiri masaa 4 au lipa". Hizo za nishati mi kwangu zimepigwa marufuku, na nilizitengeneza. Ukikuta yake ni ya aina hiyo ongea naye atafute nyingine, na bora umnunulie moja nzuri ya kulipa mara moja, inatoka rahisi kuliko bure. Na hii yake ya sasa akiendelea nayo, mpe kiasi cha mwezi kwa kadi ya zawadi ya duka la apu, ikiisha imeisha, ataanza kuhesabu daimondi zake kwa akili ambayo hujawahi kuiona kwenye hesabu za shule.

Swali la kazi. Ni kazi. Duniani gemu zinaingiza zaidi ya dola bilioni 180 kwa mwaka, gemu moja tu, GTA V, ilipotoka mwaka 2013 ilifikisha mauzo ya dola bilioni 1 ndani ya siku 3. Na siyo wote ni maprograma, kuna wachoraji, watu wa sauti, waandishi wa hadithi, watafsiri, watesta ambao kazi yao ni kugonga ukuta mmoja mara 400 kuona kama utapitika (mwambie hilo mapema, wengi wanadhani kutesti ni kucheza). Lakini nisikupake mafuta, ni kazi yenye mbio na fukuza fukuza. Mwanzoni mwa 2024 peke yake Microsoft walitangaza kupunguza watu 1,900 upande wa gemu, miezi mitatu tu baada ya kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, na PlayStation nao wakatangaza 900. Wiki za mwisho kabla gemu haijatoka mnalala ofisini, mi kuna mwaka mwanangu alinizoea kama mgeni.

Pia kuna mlango wa uani. Stardew Valley, ile ya shamba, imetengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, alichora yeye, muziki yeye, programu yeye, miaka zaidi ya minne ndani, ikatoka 2016 na imeuza nakala zaidi ya milioni 30, haina boksi wala daimondi. Kuna Dong Nguyen wa Vietnam na Flappy Bird yake, kadege kanapita kwenye mabomba, kalikuwa kanakula kwenye matangazo tu, na Februari 2014 wakati inapendwa kuliko zote akaitoa mwenyewe kwenye maduka, akasema watu wamenaswa nayo kupita kiasi. Sijawahi kusikia kikao cha kwetu kikiongea lugha hiyo.

Sasa kujua kama anataka kutengeneza au anataka kucheza, usimuulize, mpe kazi. Kuna Scratch, programu ya kujifunzia kutengeneza gemu iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani, ya bure kwelikweli, na kuna Godot nayo ya bure akiwa tayari kwa kitu kigumu zaidi, zote zinataka kompyuta ya kawaida tu. Mwambie atengeneze Pong, ile ile ya 1972, vibao viwili na mpira mmoja, na namba juu ya kuhesabu magoli. Wiki mbili. Anayetaka kucheza tu ataichoka siku ya pili, na si dhambi. Anayetaka kutengeneza utamkuta saa 3 usiku anakwambia mpira wangu ukienda spidi kubwa unapita katikati ya kibao kama hakipo. Akifika hapo mwambie aniandikie, hilo limetukwamisha wote.